Mbio za Mwenye Duka: Historia ya Viwango vya Kodi ya Mauzo Marekani

Katika nchi nyingi zinazotoza kodi ya ongezeko la thamani, kiwango cha kodi hiyo hupangwa na Bunge kwa ajili ya nchi nzima, hata mwenye duka wa Mtwara na mwenzake wa Mwanza wakawa wanahesabu kwa asilimia 18 ileile, na mnunuzi wa Kisumu akatozwa asilimia 16 sawa na yule wa Mombasa. Marekani haikufuata njia hiyo. Taifa hilo halina kodi ya ongezeko la thamani, na mahali pake pana kodi ya mauzo, yaani kodi inayotozwa mara moja tu, pale bidhaa inapomfikia mtumiaji wa mwisho, nayo huwekwa na jimbo, kisha kaunti ikaongeza sehemu yake, mji ukaongeza yake, na wakati mwingine mamlaka maalumu, kama ile ya usafiri wa umma, ikaongeza yake juu ya hizo zote. Bei inayoandikwa kwenye rafu kwa kawaida haina kodi ndani yake. Kodi huongezwa wakati wa kulipa, na anayetakiwa kujua kiwango sahihi cha siku hiyo, mahali hapo na kwa bidhaa hiyo, ni muuzaji. Historia ya kodi hii kwa sehemu kubwa ni historia ya muuzaji huyo akifukuzana na tarakimu zinazobadilishwa na watu wasiowahi kukaa nyuma ya kaunta yake.

Chanzo chake ni dhiki. Kabla ya miaka ya 1930 majimbo na serikali za mitaa yalitegemea zaidi kodi ya ardhi na majengo, lakini Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipoanza mwaka 1929, wakulima na wenye nyumba walishindwa kulipa, mali zikapoteza thamani, na hazina za majimbo zikakauka wakati uleule ambao watu wasio na kazi walihitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote. West Virginia ilikuwa imekwisha kujaribu, mwaka 1921, kodi juu ya mapato ghafi ya biashara. Hata hivyo, jimbo linalotajwa kwa kawaida kuwa la kwanza kutoza kodi ya mauzo ya rejareja kwa sura inayojulikana leo ni Mississippi, ambako mwaka 1932 Gavana Mike Conner alipitisha kiwango cha asilimia 2 licha ya upinzani mkali wa wafanyabiashara. Mwaka uliofuata North Carolina iliweka asilimia 3, Illinois asilimia 2, na California asilimia 2.5. Majimbo kadhaa yaliitangaza kodi hii kuwa hatua ya dharura ya kuondolewa hali itakapotengemaa, na Kentucky, iliyoianzisha mwaka 1934, kweli iliifuta mwaka 1936. Lakini nayo iliirudisha mwaka 1960. Vermont ilijiunga mwaka 1969, na tangu hapo majimbo yanayotoza kodi ya mauzo yamekuwa 45 kati ya 50.

Ugumu wa kufuata viwango ulijitokeza tangu siku ya kwanza, na ulianza na hesabu ndogo kabisa. Mteja aliyenunua kitu cha senti 10 katika jimbo lenye kodi ya asilimia 2 alidaiwa moja ya tano ya senti, kiasi ambacho hakikuwa na sarafu yake. Muuzaji akimtoza senti nzima alikuwa amemkata asilimia 10, na akiacha kumtoza alilazimika kuifidia hazina kwa fedha yake mwenyewe. Majimbo 12 yalitafuta dawa kwa kutengeneza vipande vya kodi, vilivyokuwa kama sarafu za bandia zenye thamani ya mili, yaani sehemu moja ya kumi ya senti. Vingine vilikuwa vya alumini, vingine vya zinki, vya karatasi ngumu au vya plastiki, na Missouri ilianza mwaka 1935 na vipande vya karatasi vilivyofanana na vifuniko vya chupa za maziwa. Muuzaji alilazimika kuwa na droo ya pili kwa ajili ya vipande hivyo, avihesabu kila jioni, na akumbuke kwamba vipande vya jimbo moja havikuwa na thamani ng'ambo ya mpaka. Watu walivichoka mapema, na mahali pake pakaja jedwali lililochapishwa na kubandikwa kando ya mashine ya fedha, likionyesha kwamba kuanzia senti kadhaa hadi senti kadhaa kodi ni senti moja, na kuendelea. Kila kiwango kilipopanda, jedwali lilibanduliwa, likabandikwa jingine.

Lakini majedwali hayo yangetosha iwapo kila jimbo lingebaki na kiwango kimoja. Kilichobadilisha mambo ni kuingia kwa miji. Jiji la New York, likiwa chini ya Meya Fiorello La Guardia, lilianza kutoza asilimia 2 mwezi Desemba 1934 ili kuwasaidia wasio na ajira, zaidi ya miaka 30 kabla ya jimbo la New York kuwa na kodi yake ya mauzo mwaka 1965. New Orleans ikafuata mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ilipanuka, ikahitaji barabara, shule na maji, na kodi ya mauzo iliwavutia madiwani kwa kuwa mlipaji huitoa kidogo kidogo bila kupelekewa ankara. California, baada ya kuona kila mji ukijitungia kanuni, ilipitisha mwaka 1955 sheria iliyoiweka kodi ya mitaa katika asilimia 1 moja ya pamoja, ikakusanywa na jimbo lenyewe na kurudishwa kwa miji. Hiyo ilikuwa busara kubwa, na inasikitisha kwamba majimbo mengi hayakuifuata, na hata California yenyewe baadaye iliruhusu wilaya zake kuongeza nyingine juu ya ile ya pamoja.

Namna viwango vinavyopandana yaonekana vizuri Chicago. Mwaka 2016 bidhaa ya kawaida iliyouzwa katika jiji hilo ilitozwa asilimia 6.25 ya jimbo la Illinois, asilimia 1.75 ya Kaunti ya Cook, asilimia 1.25 ya jiji, na asilimia 1 ya mamlaka ya usafiri wa mkoa, jumla asilimia 10.25. Jumla hiyo haikuwa imetulia. Mwezi Julai 2008 Kaunti ya Cook ilipandisha sehemu yake kutoka asilimia 0.75 hadi 1.75; wananchi wakakasirika, nyongeza hiyo ikaanza kushushwa Julai 2010, Toni Preckwinkle akachaguliwa kuiongoza bodi ya kaunti baadaye mwaka huohuo akiahidi kuondoa iliyobaki, nayo ikashushwa tena Januari 2012 na Januari 2013, hadi kiwango kikarudi pale kilipoanzia. Kisha, mwaka 2015, bodi hiyohiyo chini ya uongozi wa Preckwinkle iliirudisha nyongeza nzima, ianze Januari 2016, sababu kubwa ikiwa deni la pensheni za wafanyakazi wa kaunti. Shati la dola 20 lililokuwa na kodi ya dola 2.05 mwaka 2008 lilitozwa dola 1.95, kisha 1.90, kisha 1.85, kisha 2.05 tena, na kila badiliko lilimtaka mwenye duka arekebishe mashine usiku wa kuamkia tarehe mosi, kwa kuwa kosa la senti kumi likirudiwa kwa wateja elfu moja ni dola 100 ambazo mkaguzi anaweza kumdai.

Muuzaji wa Chicago, pamoja na taabu hizo, alikuwa na mahali pamoja pa kufuatilia. Aliyeuza kwa posta alikuwa na nchi nzima mbele yake. Majimbo yalikuwa yamebuni tangu miaka ya 1930 kodi ya matumizi, inayomdai mnunuzi aliyeleta bidhaa kutoka jimbo jingine bila kulipia kodi ya kwao, na Mahakama ya Juu iliikubali mwaka 1937. Ila wanunuzi wachache mno waliitangaza wenyewe, kwa hiyo majimbo yakataka wauzaji wa mbali ndio waikusanye. Mwaka 1967, katika kesi ya kampuni ya National Bellas Hess, iliyouza nguo kwa katalogi kutoka Missouri, dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ilikataa: muuzaji asiye na duka, ghala wala mfanyakazi katika jimbo hakuweza kulazimishwa kulikusanyia kodi. Miongoni mwa mambo yaliyoisumbua mahakama ni kwamba wakati huo serikali za mitaa zilizotoza kodi ya mauzo zilikuwa zaidi ya 2,300. Mwaka 1992, katika kesi ya Quill dhidi ya North Dakota, hukumu ilithibitishwa, na idadi ya mamlaka za kodi iliyotajwa ilikuwa imepita 6,000. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair inayouza samani kwa intaneti, mahakama iligeuka kwa kura 5 dhidi ya 4 na kufuta kinga hiyo, ilhali mamlaka zilikuwa zimezidi 10,000. Yaani kinga ilidumu wakati mzigo ukiwa mwepesi zaidi, ikaondolewa ulipofika uzito wake mkubwa kuliko wakati wote.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alikuwa na hoja nzito, kwani mwenye duka wa mtaani aliyelipa kodi alishindana na muuzaji wa intaneti asiyeitoza, na hazina za majimbo zilipoteza fedha za shule na hospitali. Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa walioshindwa, aliwatazama wauzaji wadogo, akaonyesha kwamba kiwango peke yake si tatizo lote, kwa sababu kila jimbo lina ufafanuzi wake wa bidhaa. Mfano aliotoa wastahili kuangaliwa kwa karibu: Twix na Snickers, vipande viwili vya chokoleti na karameli vinavyokaa bega kwa bega kwenye rafu, vilitozwa kodi tofauti Illinois, kwa kuwa Twix ina unga wa ngano ndani yake na hivyo ilihesabiwa kuwa chakula, wakati Snickers isiyo na unga ilihesabiwa kuwa peremende. Muuzaji anayetaka kuwa mwaminifu hapo hana budi kusoma orodha ya viambato kabla ya kusoma jedwali la kodi.

Kosa jingine lililowagharimu wengi ni kutegemea postikodi, yaani tarakimu za kutambulisha eneo la barua, ambazo shirika la posta la Marekani lilizianzisha mwaka 1963 kwa ajili ya kupanga njia za wapeleka barua. Mipaka ya postikodi haikuchorwa kwa kufuata mipaka ya miji, hivyo nyumba mbili zenye postikodi moja zaweza kuwa moja ndani ya mji na nyingine nje, na mji unapotwaa kipande cha ardhi ya jirani, kiwango cha nyumba hubadilika pasipo anwani yake kubadilika. Programu za kompyuta za kukokotoa kodi kwa anwani kamili zimekuwa biashara kubwa kwa sababu hiyo, na gharama yake humlemea zaidi mwenye mauzo madogo.

Jitihada iliyostahili kuungwa mkono zaidi ni Mkataba wa Kurahisisha Kodi ya Mauzo na Matumizi, uliokubaliwa mwaka 2002 na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2005, ambao majimbo 24 yameshiriki. Mkataba huo unataka mabadiliko ya viwango vya mitaa yaanze siku ya kwanza ya robo mwaka tu, baada ya wauzaji kupewa taarifa ya siku 60 au zaidi. Unataka kila jimbo litunze kanzidata ya viwango na mipaka. Na unamkinga muuzaji aliyekosea kwa kuitegemea kanzidata hiyo. Hapo ndipo ilipo haki ya jambo hili: anayebadilisha kiwango ndiye anayepaswa kubeba kazi ya kukitangaza na lawama ya kukitangaza vibaya. California, Texas, New York na Illinois, zenye watu wengi na wateja wengi, zimebaki nje.

Baada ya hukumu ya 2018 majimbo yote 45 yaliweka masharti kwa wauzaji wa mbali, Missouri ikiwa ya mwisho tarehe 1 Januari 2023. Kipimo cha South Dakota, mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka ndani ya jimbo, kiliigwa na wengi, ingawa hicho cha miamala kilimnasa hata muuzaji wa vitu vya dola 5, na South Dakota yenyewe ilikifuta mwaka 2023. Masharti haya hayaishii kwa Wamarekani: muuzaji wa vyondo aliye Nairobi au wa vikoi aliye Dar es Salaam, akiwauzia wateja wa huko kupitia tovuti yake mwenyewe na kuvuka kiwango, hudaiwa vilevile, wakati yule anayepitia soko kubwa la intaneti kwa kawaida hukusanyiwa na soko lenyewe. Alabama imewarahisishia wauzaji wa mbali kwa kuwaruhusu kutoza asilimia 8 popote jimboni, jambo linaloonyesha kwamba wepesi huwezekana pakiwa na nia. Kinyume chake, Colorado ina miji kadhaa yenye mamlaka ya kukusanya kodi yake yenyewe na kujitungia ufafanuzi wake. Illinois nayo ilifuta kodi ya jimbo ya asilimia 1 juu ya vyakula kuanzia Januari 2026, lakini ikairuhusu miji kuitoza kwa uamuzi wake, na mamia ya miji ikafanya hivyo, kwa hiyo kiwango kimoja cha jimbo kikavunjika kuwa orodha nyingine ya kufuatilia.

Indiana, inayopakana na Illinois, haina kodi ya mauzo ya jumla ya miji wala ya kaunti. Mwenye duka wa Gary, mwendo mfupi wa gari kutoka Chicago, humtoza mteja asilimia 7 sawa na mwenzake wa Evansville upande wa pili wa jimbo, na kiwango hicho hakijabadilika tangu tarehe 1 Aprili 2008.