Bass: maji ya Burton na pembetatu nyekundu

Haya wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo tuzungumzie bia. Usikimbie! Kuna swali hapa linalomhusu kila anayeandika programu: watu wakishaiga kazi yako yote, wewe unabaki na nini?

Twende Burton upon Trent, mji mdogo katikati ya Uingereza. William Bass alianzisha kiwanda chake cha bia huko mwaka 1777, lakini kilinawiri hasa enzi za Malkia Victoria (1837–1901). Kilipika bia kali zilizopewa namba, na Namba 1 ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Hata hivyo, iliyokipa jina ni bia ya rangi ya dhahabu, chungu kwa hopsi nyingi, ambayo ilisafirishwa mpaka India.

Siri ilikuwa chini ya ardhi. Maji ya visima vya Burton hupita kwenye jasi, yakabeba salfeti nyingi, na hayo huifanya bia iwe angavu na uchungu wake uwe safi. Maji ya London hayakuwa hivyo. Ndiyo maana Truman, kampuni kubwa ya London, ilinunua kiwanda hukohuko Burton mwaka 1873. Ukishindwa kuleta maji, hama wewe!

Bia yenyewe ilisafiri kwa reli, iliyofika Burton mwaka 1839. Hapa mimi nimevua kofia. Kampuni ya reli ya Midland ilipojenga stesheni ya St Pancras jijini London (1868), reli iliinuliwa ili ivuke mfereji, hivyo chini yake kukawa na nafasi kubwa. Mhandisi William Barlow akaifanya ghala la bia ya Burton, akapanga umbali kati ya nguzo za chuma kufuata ukubwa wa pipa. Yaani pipa la bia ndilo lililokuwa kipimo!

Sasa turudi kwenye swali letu. Sheria mpya ya kusajili alama za biashara ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1876, na alama namba 1 ikawa pembetatu nyekundu ya Bass. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wake alikesha mlangoni. Kufikia 1877 Bass walikuwa wakipika karibu mapipa milioni moja kwa mwaka, kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani.

Mwaka uliofuata, mkemia C. W. Vincent akaeleza kilichomo katika maji yale. Basi, tia jasi kwenye maji yako, popote ulipo, nawe una maji ya Burton. Siri ikaisha. Pembetatu haikuguswa: mwaka 1882 Manet aliichora kwenye chupa za baa moja ya Paris.

Mwaka 2000 kampuni ya Bass iliiuzia Interbrew ya Ubelgiji biashara yake ya bia, pamoja na jina. Mwaka 2001 ikabidi ijiite Six Continents.