Alfa: Kipimo cha Kufunika Picha katika Kompyuta

Madirisha ya Alto, kompyuta iliyoundwa na Xerox huko Palo Alto, Marekani, mwaka 1973, hayakupenyeka kwa macho. Dirisha moja lilifunika jingine kama karatasi ifunikavyo karatasi mezani. Kila nukta ya kioo ilikuwa ama nyeupe ama nyeusi, na wepesi wa shashi hauchoreki kwa rangi mbili hizo ila kwa hila ya kutapanya nukta.

Mwaka 1977 Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa katika New York Institute of Technology, waliziongezea namba tatu za kila nukta, yaani za nyekundu, kijani na buluu, namba ya nne. Waliiita alfa, kwa herufi ya Kiyunani iliyomo katika kanuni ya kuchanganya picha mbili. Tangu hapo picha iliweza kuchukua kipimo chake cha kufunika popote iendapo.

Hapa msomi wa lugha hana budi kusimama. Alfa hupima kufunika, wala haipimi uwazi: 1 ni nukta inayoziba kabisa, 0 ni ile isiyoonekana. Mfasiri aandikapo “kiwango cha uwazi” amekwisha kuipindua hesabu, na fundi amfuataye atapata patupu alipotaka picha kamili. “Kiwango cha kufunika” chafaa zaidi; tena uwazi una kazi nyingine ya kutosha katika mambo ya serikali.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walitoa makala iliyoipanga hesabu hiyo. Rangi ya picha ya juu huzidishwa kwa alfa yake, kisha huongezwa ile ya chini, iliyopunguzwa kwa kadiri ilivyofunikwa. Alfa ikiwa 0.75, ya chini huchangia robo tu.

Kufika mezani kwa watu kulichelewa kwa sababu ya gharama. Kioo cha Alto kilikuwa na nukta 606 kwa 808, biti moja kila nukta, jumla biti 489,648. Namba nne za biti nane zataka mara 32 ya hizo, na kila dirisha hudai akiba yake. GIF ya mwaka 1989 iliruhusu rangi moja tu isionekane, ndiyo maana kingo za picha zake zilikuwa na meno ya msumeno. PNG ilileta alfa kamili mwaka 1996. Katika Windows 2000, na katika Mac OS X ya mwaka 2001, dirisha zima liliweza kulalia jingine na la chini likasomeka, mfumo wenyewe ukichanganya rangi upya kila liliposogezwa.