Debe, Gorogoro na Chandarua: Vyombo vya Nyumbani Usenge

Usenge, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Siaya, ulitegemea vyungu na vibuyu kabla ya bati kuenea. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za viwandani zilianza kusambaa ufukoni, mafuta ya taa yakiwemo. Debe lililokwisha mafuta halikutupwa. Lilitumika kutekea maji na kupimia nafaka, na likikunjuliwa liliezekea kibanda. Makopo madogo yalitiwa utambi na mafundi wa bati yakawa koroboi, ambayo Wajaluo huiita nyangile.

Kopo lililodumu kuliko yote ni lile la kilo 2 la mafuta ya kupikia. Ndilo gorogoro, kipimo cha mahindi, maharagwe na omena (dagaa) sokoni. Halihitaji mizani wala mawe, na mnunuzi huona kwa macho anachopata. Hata hivyo, wapo wachuuzi wanaobonyeza kitako chake kiingie ndani, na hapo mteja hupunjwa.

Plastiki ilipokuja, mitungi ya mafuta ya kupikia ikarithi kazi ya debe, na chupa na ndala zilizochakaa zikawa maboya ya nyavu. Si kila matumizi ya pili yalikuwa ya heri. Katika miaka ya 2000, watafiti walikuta vyandarua vya kuzuia mbu vikianikiwa omena kwenye fuo za ziwa upande wa Kenya, katika eneo ambalo malaria huua watoto. Akiba iliyopatikana kwa kuvigeuzia kazi vyandarua ilikuwa ghali mno.