Bakteria wa udongoni anayeua viluwiluwi wa mbu (Sehemu ya 3)

 

Kuna swali mama wengi huniuliza kliniki: ile dawa ya viluwiluwi inayomwagwa kwenye mitaro na madimbwi, haiwezi kudhuru watoto wetu? Swali zuri. Ili jibu likae vizuri kichwani, twende nyuma kidogo tuone dawa yenyewe ilitoka wapi.

Tuanzie Japani, mwaka 1901. Wafugaji wa viwavi wa hariri walikuwa wanapata hasara. Kiwavi anakula majani yake vizuri, ghafla analegea, anakufa. Mtaalamu mmoja, Shigetane Ishiwata, akakuta bakteria ndani ya viwavi hao. Wakati huo alionekana adui tu, mharibifu wa riziki za watu.

Miaka 10 baadaye, Ujerumani, Ernst Berliner akamkuta bakteria wa aina hiyohiyo kwenye viwavi wanaokula unga. Viwavi hao walitoka kwenye kinu cha kusaga nafaka katika eneo la Thuringia, na bakteria akaitwa Bacillus thuringiensis. Kwa kifupi, Bt. Hapo mawazo yakageuka: kama anaua wadudu wanaokula chakula chetu, si tumtumie? Mwaka 1938, Ufaransa, dawa ya Bt ikaanza kuuzwa.

Sasa sikia anavyoua, maana jibu lako liko hapa.

Bt huishi udongoni. Anapojifungia ndani ya ganda ili avumilie hali ngumu, hutengeneza pia chembe za protini zilizoganda kama fuwele za chumvi. Mdudu akizila, zinafika kwenye utumbo wake ambao una hali kama ya maji ya magadi. Humo zinayeyuka na sumu inaamka. Inajishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Mdudu anaacha kula, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili amekufa.

Tumbo la binadamu ni tofauti. La kwetu lina tindikali, na protini hiyo inasagwa kama protini nyingine. Halafu utumbo wetu hauna zile sehemu ambazo sumu inajishikiza. Ni kama ufunguo usio na kufuli.

Kwa miaka mingi Bt alijulikana kwa viwavi tu. Mwaka 1976, kwenye jangwa la Negev huko Israel, Joel Margalit na Leonard Goldberg wakakuta dimbwi lenye viluwiluwi wa mbu wengi waliokufa. Humo wakapata aina mpya ya Bt, inayoitwa Bti. Hii inaua viluwiluwi wa mbu na wa wale nzi weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaopofusha.

Haikupita muda, Afrika Magharibi wakaihitaji. Huko, tangu mwaka 1974, mito ilikuwa inawekwa dawa za kemikali ili kumaliza usubi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nzi wakaanza kuzizoea. Bti ikaingizwa kwenye mzunguko wa dawa, na kazi ikaendelea. Bti ina sumu kadhaa kwa pamoja, ndiyo maana wadudu hupata tabu kuizoea.

Na hapa nyumbani? Mwaka 2006, Dar es Salaam ilianza na kata 3. Vijana wa mitaa walipita kila wiki kuweka dawa za bakteria kwenye madimbwi na mitaro, kisha kata zikaongezwa. Wataalamu waliopima waliona maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yamepungua. Sasa tuna hata kiwanda Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, kinachotengeneza dawa za aina hii.

Kwa hiyo mama, dawa ya Bti ikiwekwa mtaroni inavyotakiwa, usiwe na hofu na mwanao. Ila shika haya:

1. Uliza ni dawa gani. Si kila kinachopuliziwa ni Bti; kuna kemikali pia.

2. Unga au maji yake yasiingie machoni, yanaweza kuwasha. Na mtaro si mahali pa mtoto kuchezea, dawa iwepo isiwepo.

3. Bti haiui mbu anayeruka. Inaua kiluwiluwi aliye majini, tena lazima irudiwe mara kwa mara. Mbu wa jana bado yupo chumbani, hivyo chandarua hakiondoki kitandani.

4. Fukia madimbwi, mwaga maji kwenye makopo na matairi. Hiyo haina gharama.

5. Mtoto akipata homa, mlete kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe. Usisubiri kesho.

Mtumie na mama mwenzio. Sehemu ya 4 tutaongea kuhusu chandarua: namna ya kukifua na lini ukibadilishe.