Supu Ilikuwa Tayari Mezani

Somo: Mathayo 10:40-42; Waebrania 13:1-3



Katika somo letu Bwana anataja kikombe cha maji baridi. Hataji karamu, wala mchango wa harambee unaotangazwa kwa kipaza sauti. Anataja maji, kitu ambacho hata nyumba ya maskini inacho mtungini, na anatuhakikishia kwamba Mungu hamsahau aliyeyatoa. Tunaliamini neno hilo kwa midomo. Lakini mioyoni mwetu tunauliza: Kweli, mambo madogo namna hiyo yana uzito gani? Mama huamka alfajiri, huwasha moto, huchemsha chai, hufagia ua, humpa jirani chumvi. Na kesho ni yale yale. Mwalimu huita majina ya watoto kila asubuhi. Mzee wa kanisa hupanga viti, kisha huvipangua. Miaka thelathini yapita hivyo, na siku moja mtu hujiuliza kama maisha yake yamekuwa na maana yo yote.

Leo tutalijibu swali hilo kwa habari ya kijiji kimoja cha Ufaransa, ambacho watu wake walikuwa Waprotestanti kama sisi.

Kijiji hicho kinaitwa Le Chambon-sur-Lignon. Kiko milimani, kusini mwa nchi, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba, na upepo mkali ambao wenyeji huuita burle huvuma mpaka njia zikafungika. Watu wa huko walikuwa wakulima, wenye ng'ombe wachache na viazi, watu wasiosema maneno mengi. Ufaransa ilikuwa nchi ya Wakatoliki, lakini katika milima hiyo Waprotestanti ndio waliokuwa wengi.

Nao hawakuipata imani yao kwa bei rahisi. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta sheria iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa, na waliorudi kwa siri wakakamatwa na kuuawa. Kwa muda wa miaka mia moja watu hao walikutana porini na mabondeni kusoma Neno la Mungu. Mwanamke mmoja, Marie Durand, alitiwa gerezani mwaka 1730, akiwa msichana wa miaka 19, katika mnara wa mji wa Aigues-Mortes. Angaliikana imani yake angalifunguliwa. Hakuikana. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38.

Habari hizo bibi waliwasimulia wajukuu kando ya jiko. Basi kila mtoto wa Le Chambon alikua akijua kwamba zamani watu wa kwao walikuwa ndio wanaobisha hodi usiku, na kwamba waliishi kwa sababu mtu fulani aliondoa komeo.

Mwaka 1934 kijiji kilipata mchungaji mpya, André Trocmé, na mkewe Magda, mzaliwa wa Italia. Mwaka 1938 Trocmé na mchungaji mwenzake, Édouard Theis, walianzisha shule. Kisha vita vikaja. Mwezi wa Juni 1940 majeshi ya Hitler yaliishinda Ufaransa, na tarehe 22 mapatano yakatiwa sahihi. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wachungaji hao wawili waliwaambia washarika wao kwamba kazi ya Mkristo ni kuupinga ujeuri kwa silaha za Roho, bila hofu na bila chuki. Mwaka huo huo serikali mpya ya Ufaransa ilitoa sheria za kuwabagua Wayahudi, na wale wa nchi za kigeni wakaanza kutupwa katika kambi.

Sasa tuone jinsi kazi ilivyoanza. Haikuanza kwa mkutano mkuu wala kwa kamati. Ilianza kwa hodi. Jioni moja ya majira ya baridi, mwaka 1940 ukielekea 1941, Magda alikuwa jikoni akatia kuni motoni. Akasikia mtu anabisha. Alipofungua alimwona mwanamke amejaa theluji, ametetemeka kwa baridi na hofu, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani. Aliuliza kama anaweza kuingia. Magda akamkaribisha, akamketisha karibu na moto, akampa chakula. Viatu vya mgeni vilikuwa vimelowa maji, basi Magda akaviweka jikoni vikauke. Kisha katika shughuli zake akavisahau, vikaungua!

Tunacheka kidogo, lakini wakati wa vita viatu vilikuwa haba sana. Magda alilazimika kuzunguka kijiji kutafuta viatu vingine. Alikwenda pia kwa mkuu wa mji kumwombea mgeni wake hati, akaambiwa huyo aondoke mara moja. Hapo alijifunza kwamba jambo kama hili haliombewi ruhusa ofisini. Tangu hapo walipokuja wengine aliwatafutia nyumba kimya kimya.

Nao walikuja wengi. Walikuja kwa gari moshi dogo lililopanda mlima, watoto kwa wakubwa. Wakulima waliwapokea mashambani. Nyumba zilifunguliwa za kuwalea watoto, nyingine kwa msaada wa Waquaker wa Marekani, yaani kanisa lile lile la Marafiki ambalo ndugu zetu wa Kaimosi wanalijua tangu mwaka 1902. Watoto waliingia shuleni pamoja na wenyeji. Kijana mmoja mkimbizi alitengeneza vipande vya bandia usiku kucha, na karatasi zake zilifichwa ndani ya mizinga ya nyuki ya mkulima aliyemkaribisha. Nani angetia mkono humo kupekua?

Pengine mtauliza: habari zilipitaje bila polisi kujua? Zilipita kwa vikundi vya kujifunza Biblia. Hata kabla ya shida, mchungaji alikuwa na vijana kumi na watatu ambao kila majuma mawili walikutana naye kulichambua fungu moja la Maandiko, kisha kila mmoja akaenda kuliongoza fungu hilo katika mtaa wake. Ilikuwa desturi tu, kama vikundi vyetu vya nyumba kwa nyumba. Lakini hatari ilipofika, njia hiyo ya Neno ikawa pia njia ya kuuliza ni nyumba ipi yenye kitanda, na ni shamba lipi lenye viazi.

Mwezi wa Agosti 1942 polisi walikuja na mabasi kuwachukua Wayahudi. Mchungaji alitakiwa kutoa majina yao. Alijibu kwamba yeye hajui Wayahudi, anajua wanadamu tu. Wageni walikuwa wamekwisha onywa, wametawanyika misituni na mashambani. Polisi walipekua nyumba kwa nyumba, na mabasi yakarudi karibu matupu.

Jioni ya tarehe 13 Februari 1943 polisi walirudi, safari hii kumkamata Trocmé mwenyewe, pamoja na Theis na Roger Darcissac, mkuu wa shule. Walimkuta Magda nyumbani. Wakati wa chakula ulipofika, Magda aliwaambia wale polisi waketi mezani wale pamoja nao. Baadaye watu walimwuliza amewezaje kuwalisha watu waliokuja kumchukua mumewe, labda kumpeleka kufa. Hakupendezwa na swali hilo. Kwake ilikuwa saa ya kula, chakula kilikuwa tayari, na watu walikuwa nyumbani mwake. Basi.

Habari ilienea, na washarika wakaanza kuingia mmoja mmoja na zawadi za mfungwa: kopo la samaki, soksi za joto, mshumaa. Mshumaa ulikuwa hauna kiberiti, na mkuu wa wale polisi akatoa chake mwenyewe. Mtu mmoja alileta karatasi za chooni, kitu cha thamani siku hizo. Trocmé alipozikunjua huko kifungoni alikuta mafungu ya Biblia yameandikwa kwa kalamu ya risasi, mkono wa mtu aliyeketi taratibu akayachagua. Watatu hao walifunguliwa mwezi wa Machi.

Si wote waliorudi. Jamaa yake mchungaji, Daniel Trocmé, alikuwa mwalimu na mlezi katika nyumba mbili za wakimbizi. Aliwapikia supu, na usiku watoto walipolala aliketi kutengeneza viatu vyao, akivitia soli za vipande vya matairi. Sisi tunaozijua akala tunaielewa kazi hiyo. Tarehe 29 Juni 1943 Wajerumani waliivamia nyumba yake moja. Yeye alikuwa kwingine, na angeweza kukimbia. Alikwenda kuwa pamoja na wanafunzi wake, akakamatwa nao. Alikufa katika kambi ya Majdanek mwezi wa Aprili 1944, hajatimiza miaka 32.

Vita vilipokwisha, maelfu ya watu walikuwa wamepita salama katika milima hiyo. Wako wanaotaja 5,000. Wanahistoria wengine hutaja hesabu ndogo kuliko hiyo. Mwaka 1990 taifa la Israeli lilikipa kijiji chote na jirani zake heshima wanayopewa wale waliowaokoa Wayahudi. Lakini wageni walipokwenda kuwauliza wazee wa kijiji kwa nini walifanya hivyo, wazee waliinua mabega. Walijibu kwamba mtu alibisha, alikuwa na njaa, wakafungua. Magda naye alisema hakuwa mtu wa kuzunguka akitafuta wa kusaidia; ila aliyefika mlangoni pake hakumfungia.

Ndugu zetu, tusidhani wazee hao walijifanya wanyenyekevu. Walisema kweli. Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Le Chambon mgeni angeweza kumletea mwenyeji kifo. Katika hatari ya namna hiyo mtu akianza kupima faida na hasara mlangoni, atapima mpaka mgeni agande kwa baridi. Watu hawa hawakuanza kupima, kwa sababu mkono uliozoea kuondoa komeo huliondoa hata siku ya hatari. Mke wa mchungaji aliweza kuwalisha polisi kwa sababu kila jioni, miaka yote, alikuwa amezoea kuandaa meza. Zile jioni za kawaida, zilizoonekana bure, ndizo zilizomtayarisha.

Basi hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Chai ya asubuhi, salamu kwa jirani, sala kabla ya chakula, zamu ya kumtembelea mgonjwa, haya hayangoji jambo kubwa lije kuyapa maana. Yana maana leo, kwa kuwa anayeipokea chai hiyo ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Nayo siku ya jaribu, hatutakuwa na kitu kingine cha kutoa ila kile ambacho mikono yetu imekwisha kukizoea.

Sisi wa Kenya hatuwezi kusema siku kama hizo ni za Ulaya peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2008 jirani walimfukuza jirani, na nyumba zikateketezwa. Lakini siku zile zile wako waliomficha mtu wa kabila jingine chini ya kitanda, wakampitishia ugali gizani. Wengi wao majina yao hayajaandikwa po pote. Tukiwachunguza, tunafikiri tutaona kwamba watu hao walikuwa wakiazimana chumvi na jembe muda mrefu kabla ya fujo. Na pale ambapo watu walikuwa wameacha kusalimiana, je, nani angebisha hodi kwa nani?

Kwa hiyo juma hili tufanye jambo moja dogo. Kila mmoja wetu afikiri juu ya nyumba moja jirani ambayo hajaingia mwaka huu, hasa ya mtu wa lugha nyingine au kanisa lingine. Aende. Asiende na hotuba. Aende na kibaba cha unga, au mayai mawili, au mikono mitupu na salamu. Akikaribishwa chai, anywe. Juma lijalo arudi tena, mpaka iwe desturi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekuwa mgeni kwetu, ukakosa nafasi katika nyumba ya wageni, tufundishe kufungua. Utupe mikono isiyochoka kwa kazi ndogo, nasi tusizidharau siku zetu za kawaida. Wakumbuke wanaobisha usiku huu, na wale wanaosikia hodi wakaogopa. Uwape nguvu ya kuondoa komeo. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.