Shahada iliyozaliwa na saa mkononi

Mwaka 1909 Chuo cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilianza kufundisha shahada ambayo haikuwapo chuo kingine chochote duniani: uhandisi wa viwanda. Mwaka mmoja kabla yake somo hilo lilikuwa tawi dogo tu ndani ya uhandisi mitambo. Mwasisi wake, Hugo Diemer, alifika chuoni hapo kwa mapendekezo ya Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Philadelphia aliyejulikana, na aliyechukiwa na mafundi wengi, kwa tabia ya kuingia karakana na saa ya kuhesabia sekunde.

Baraka za Taylor ziliipa shahada hiyo mwanzo mzuri, zikaiachia na deni. Kijana anayeomba nafasi ya kuisomea leo anapaswa kuijua historia hiyo mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya hesabu atakazofundishwa ilitokana na ugomvi kati ya mwenye saa na anayepimwa.

Wahandisi wengine hushughulikia kitu: daraja, injini, waya. Mhandisi wa viwanda hushughulikia namna watu, mashine, malighafi na muda vinavyokutana mpaka bidhaa itoke. Mwaka 1886 Henry Towne, mwenye kiwanda cha kufuli, aliwaeleza wahandisi mitambo wenzake kwamba uendeshaji wa karakana unastahili kuchunguzwa kwa makini kama mashine zenyewe. Wazo hilo lilikuwa geni. Wakati huo msimamizi alijifunza kazi yake kwa kukemea na kukemewa.

Taylor alilichukua wazo hilo akalifikisha mbali. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwishoni mwa karne ya 19, alishughulika na vibarua waliobeba mikuo ya chuma, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilo 42 hivi, wakiipakia kwenye mabehewa ya reli. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kibarua mmoja alitoka tani 12.5 kwa siku hadi tani 47.5, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Watafiti wa baadaye walichunguza kumbukumbu za kiwanda wakaona kwamba simulizi hiyo ilitiwa chumvi. Hata tukiikubali ilivyo, inauma: kazi iliongezeka karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Na Taylor alimwelezea mtu yule kwa maneno ya dharau, kana kwamba ubongo wake haukuwa na kazi yoyote pale.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu mwingine aliyejifunza kazi kutoka chini. Frank Gilbreth alianza uashi mwaka 1885 akiwa na miaka 17. Alipowekwa kwa mafundi wamfundishe, aliona jambo ambalo saidia fundi yeyote wa Tandika au Kawangware angeliona akitulia: fundi hujenga kwa namna moja akimwonyesha mwanafunzi, kwa namna nyingine akiwa na haraka, na kwa namna ya tatu akijivuta. Ipi sahihi? Hakuna aliyeweza kumjibu.

Basi akaanza kutazama. Matofali yalirundikwa chini, miguuni mwa fundi. Kwa kila tofali moja fundi aliinama, akainuka na uzito wa kiwiliwili chake chote, akaligeuzageuza kutafuta uso mzuri, akaliweka, kisha akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likae. Gilbreth alibuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali yakakaa usawa wa kiuno. Akamwachia mtu wa ujira mdogo kazi ya kuyapanga mapema, uso mzuri ukielekea upande mmoja. Mchanganyiko wa udongo ukalainishwa kiasi kwamba tofali lilikaa kwa kubonyezwa na mkono tu. Hatua 18 zikapungua hadi tano hivi, na fundi aliyekuwa akijenga matofali 120 kwa saa akafikia 350. Mgongo wake nao ukapumzika. Kwangu mimi hapo ndipo palipo kiini cha taaluma hii: kazi iliongezeka kwa sababu taabu iliondolewa.

Lakini ni njia ya Taylor iliyotangulia kuenea viwandani, na Agosti 1911 ilikutana na upinzani. Katika kiwanda cha silaha cha jeshi huko Watertown, karibu na Boston, wasubu wa chuma walikuta mtu mwenye saa amesimama nyuma yao. Mmoja alikataa kupimwa akafukuzwa, na wenzake wakaziacha kalibu zao wakatoka. Mgomo ulidumu takriban wiki moja tu. Hata hivyo Bunge la Marekani liliunda kamati, Taylor akahojiwa mapema mwaka 1912, na kuanzia mwaka 1915 likapiga marufuku fedha za jeshi kutumika kuwapima wafanyakazi kwa saa. Wasubu wale walikuwa na hoja ambayo wahandisi walichelewa kuisikia: waliwaona kuwa watu waliokuja kupima kazi ambayo hawakuwahi kuifanya.

Aliyeisikia mapema ni Lillian Moller Gilbreth, mke wa Frank. Alisomea fasihi, kisha saikolojia, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1915. Kitabu chake juu ya saikolojia ya uongozi wa kazi kilitoka mwaka 1914 kikiwa na jina L. M. Gilbreth tu, ili msomaji asijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Kila kiangazi kati ya 1913 na 1916 yeye na mumewe waliendesha mafunzo mjini Providence kwa wahadhiri wa uhandisi, na kwa njia hiyo fikra zao zikaingia vyuoni.

Frank alifariki ghafla Juni 1924. Lillian alibaki na watoto 11, na baadhi ya wateja wakavunja mikataba kwa sababu hawakutaka ushauri wa mwanamke. Akageukia jikoni, mahali ambapo hakuna mwanamume angembishia. Alihoji maelfu ya wanawake kujua meko na sinki viwe na kimo gani ili mgongo usiumie. Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Purdue kilimfanya profesa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika uhandisi chuoni hapo, akafundisha mpaka mwaka 1948. Uchovu, kimo cha meza, mwanga na hofu ya mtu anayetazamwa vikawa mada za darasani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtaala ulipanuka. Takwimu za ubora na hesabu za kupanga safari na ghala, zilizokomazwa vitani, zikaingia. Wajapani wakaongeza somo ambalo Taylor hangelikubali, kwamba mtu wa mashine ndiye wa kwanza kuulizwa mashine ina nini. Kaizen, mbinu yao ya kuboresha kazi kidogo kidogo, inayofundishwa sasa katika viwanda vya Tanzania, imejengwa juu ya msingi huo.

Kwetu, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Leo uhandisi wa viwanda unasomewa chuoni hapo, katika idara moja na uhandisi mitambo, na likizo zinapofika wanafunzi huingia viwandani kwa mafunzo ya vitendo.

Huko hukutana na hesabu yenyewe. Tuseme fundi wa kushona kola anatumia dakika 2 kwa kola moja. Mwanafunzi anakadiria kasi yake: akiona fundi anakwenda mbio kuliko kawaida, kwa mfano asilimia 110, muda wa haki unakuwa dakika 2.2. Hapo huongeza nafasi ya kunywa maji, kwenda haja, kupumzisha macho na kustahimili joto. Ikiwa asilimia 15, muda wa kiwango unafika dakika 2.53. Shirika la Kazi Duniani lilichapisha mwongozo wa hesabu za namna hii mwaka 1957.

Kwa dakika 2.53, fundi wa zamu ya saa 8 hudaiwa kola 189. Mwanafunzi akisahau nyongeza, tageti inapanda hadi 218. Kola hizo 29 atazidai msimamizi kwa fundi kila siku, na zitatoka katika muda wake wa kunywa maji.