Barabara Hubadilika, Ramani Ikaguliwe

Ubora wa ramani ya barabara hupimwa kwa mistari yake na kwa tarehe yake pia. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka karibu na Suswa, Kenya, ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha ya setilaiti ya mwaka uliotangulia ingeionyesha nzima.

Tangu OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ianzishwe Uingereza mwaka 2004, wapo wanaosema wachoraji wa kujitolea hawaaminiki kwa kuwa hawakusomea upimaji. Hoja hiyo ina uzito: anayechora akiwa mbali kwa kutazama picha za setilaiti aweza kudhani njia ya ng'ombe ni barabara ya magari. Lakini hata ramani ya serikali huchakaa isipokaguliwa. Dawa ni mkazi wa Nakuru, Gilgil au Naivasha kupita mwenyewe, ahakiki jina, lami na daraja, kisha asahihishe.